Mtu wa Kunitoa Nje

Akureyri, Aisilandi
8 Oktoba 2023

Mama Mdogo Kulthumu,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute na afya, na mgongo wa Baba Mdogo Shekue uwe umepoa, ingawa najua mtu wa lori haponi mgongo, anaupumzisha tu. Mimi mzima. Bado niko maabara ya kiwanda cha samaki. Milima imeanza kuwa myeupe kwa juu, na watu wa hapa wanasema hiyo bado si baridi.

Utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Tangu siku ile ya Aprili simu ilipokatika nimefikiri sana. Mimi na wewe kwenye simu tunakatizana; mmoja hajamaliza neno, mwenzake ameshajibu. Simu tuiachie salamu na habari za haraka, kupitia kwa Baba Mdogo. Mengine tuandikiane.

Jambo lenyewe ni hili: nataka uje unitembelee. Ni miaka mitano hatujaonana. Ndani ya bahasha kuna barua ya mwaliko, ya matembezi ya siku kumi kuanzia tarehe 5 Machi. Kazini watakupa ruhusa ya siku kumi?

Kwa kuwa hupendi kufika mahali bila kujiandaa, nakuandikia mambo ya mgeni. Ndege kubwa itakushusha Keflavík. Ndege ndogo ya kuja huku kaskazini haiondokei hapo, inaondokea uwanja mwingine mjini Reykjavík, na wageni wengi hukosea. Panda basi kwanza. Usibebe nyama ya aina yoyote, wataitupa mbele ya macho yako. Maji ya baridi ya bombani kunywa bila wasiwasi. Maji ya moto yanatoka ardhini na yananuka yai bovu. Si machafu, ndivyo yalivyo. Ukiingia nyumba ya mtu, vua viatu mlangoni, hata kama mwenyewe anakuambia usijali. Watu wote huenda kwenye mabwawa ya maji ya moto, na kabla ya kuingia ni lazima uoge uchi pamoja na wanawake wenzako. Najua umeshaiweka barua chini. Ichukue. Bwawa si lazima.

Robot za mji huu, taa hizo za kuongoza magari, ile nyekundu ina umbo la moyo. Ukiona magari yamesimama mbele ya moyo, usifikiri umechanganyikiwa. Na jambo la mwisho: ukipita mkahawa ukaona kigari cha mtoto nje kwenye baridi, na mtoto yumo amelala, usipige kelele wala usiite polisi. Mama yake yuko ndani anakunywa kahawa. Ndiyo desturi yao.

Mwanao,
Mwantumu

*

Bluff, Durban
5 Novemba 2023

Mwanangu Mwantumu,

Waalaikum salaam warahmatullah. Barua yako nimeipokea, nikaisoma mara mbili na kuandika tarehe yake katika daftari langu la siku, kama kawaida yangu. Sisi wazima. Baba Mdogo wako jana alishinda kwenye foleni ya malori ya bandarini toka alfajiri, akarudi na mgongo uleule na maneno mapya kuhusu madereva wenzake. Umeme unakatwa kwa zamu na joto limeanza. Kiwandani Jacobs tumepata kazi kubwa ya ovaroli na makoti ya watu wa vyumba vya baridi, kwa hiyo nashona nguo za baridi huku jasho linanitoka.

Simu ilikatika, ndiyo. Tuandikiane.

Siku kumi kazini si tatizo. Nitakuja. Lakini nina maswali. Kwanza, kwa nini Machi? Kila ninayemuuliza ananiambia nchi hizo watu huzitembelea Juni na Julai. Pili, jaketi. Nimejichagulia moja kati ya yale tunayoshona wenyewe, lenye pamba nzito ndani, na sikutaka kuliamini kwa macho. Basi Jumamosi nilikwenda bandarini kwa Respicius, yule Mhaya anayesimamia vyumba vya baridi vya matunda na samaki, nikamwomba aniingize.

Akaniangalia. "Dada Kulthumu, watu huniomba samaki. Wewe unaniomba baridi?"

"Nataka kujaribu koti."

"Humo ni digrii ishirini chini ya sifuri. Ukizimia nitaandika nini kwenye ripoti, kwamba ulikuwa unajaribu koti?"

Alinifungulia. Nilikaa humo nikisoma sura zote fupi ninazozijua, nikatoka na pua tu ndiyo inauma. Respicius akasema, "Eish, huyu mama anaenda kweli." Kwa hiyo baridi yenu nimeshaionja, isinitishe tena.

Hilo la watoto kulala nje nilimsomea jirani yangu Antoinette, Mkongo mwenye saluni. Alisimamisha kitana kichwani mwa mteja. "Hawa batu banapenda batoto yabo kweli? Ile si inchi, Mama Kulthumu. Iko frigo." Frigo kwao ndiyo friji. Sisi mtoto mchanga hata dirishani hatumsogezi.

Nijibu kuhusu Machi.

Wako,
Mama Mdogo

*

Akureyri
30 Novemba 2023

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka nikalazimika kukaa. Mwambie Respicius asante. Tulikuwa na homa ya mafua kiwandani lakini mimi imenipita. Jua sasa linachomoza karibu na saa tano asubuhi na linazama kabla ya saa kumi jioni, na linapita chini sana hata haliruki mlima wa mbele yetu. Usiogope giza. Watu huweka taa madirishani na mji unakuwa kama una sherehe.

Koti lako ni zuri, lakini chumba cha Respicius hakina upepo, na huku adui ni upepo. Baridi peke yake ungeizoea kwa wiki moja. Mwavuli uache Durban. Hapa mwenye mwavuli anajulikana ni mgeni kabla hajasema neno. Ukifungua mlango wa gari, ushike kwa mikono miwili, maana upepo huung'oa, na hasara hiyo bima hailipi. Ndani vaa sufu, usivae pamba. Pamba ikilowa inakaa na maji na kukugandisha. Juu ya sufu koti lako, na juu ya koti kitu kisichopitisha upepo. Nitakununulia miiba ya chuma ya kuvalisha viatu, usiteleze kwenye barafu. Kabla ya safari yoyote ya gari tutaangalia ramani ya barabara. Ikisema njia imefungwa, hatubishani nayo.

Machi nimechagua kwa sababu tiketi ni nafuu.

Nina ombi dogo. Niletee pilipili manga nzima na mdalasini, za dukani huku hazinuki kitu. Mafuta ya nazi uliyokamua mwenyewe. Na kanga zako kuukuu, zile zilizolainika kabisa, nne au tano. Mpya usilete.

Mwanao,
Mwantumu

*

Bluff, Durban
22 Desemba 2023

Mwanangu Mwantumu,

Marahaba. Barua yako imefika leo, na leo hiihii najibu kabla sijapika. Sisi wazima. Kiwanda kimefungwa kwa sikukuu zao mpaka mwanzo wa Januari. Barabara ya ufukweni haipitiki kwa watu wa likizo, na Baba Mdogo amekataa kabisa kwenda mjini.

Tiketi zako nimemwomba Godson wa duka la simu anitazamie kwenye kompyuta. Machi na Aprili bei ni moja. Mei pia.

Mwantumu, mimi nimefanya kazi ya nguo miaka kumi na minane. Mtu akiniomba nguo najua anataka kuifanyia nini kabla hajamaliza kusema. Kanga mpya huombwa na mtu anayetaka kupendeza. Kanga kuukuu zilizolainika, tena nne au tano, haziombwi na mwanamke mwenye afya aliye peke yake. Pilipili manga ni ya uji. Mdalasini vilevile. Mafuta ya nazi ya kukamua ni ya kukandia. Umenitumia maagizo ya chumba cha mzazi, halafu ukayaita matembezi.

Sitauliza mengi. Umeolewa? Na unatazamia lini? Nijibu hayo mawili tu.

Kuhusu siku kumi: mzazi hatunzwi siku kumi. Wanaofanya hivyo wapo, siwajui. Nitakaa arobaini yote, nikukande, nikufunge mkaja tumbo lirudi, nikupikie, na siku ikitimia nikutoe nje wewe na mtoto kwa mkono wangu, kama bibi yako alivyomtoa mama yako na wewe. Mama yako angekuwa hai, kazi hiyo ingekuwa yake. Hayupo, basi ni yangu, na sitamwachia mtu.

Tarehe 18 Januari nina miadi ya viza. Kanga nimeshazifua. Nimechagua sita.

Wako,
Mama Mdogo

*

Akureyri
16 Januari 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini mmeanza mwaka salama. Huku theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha, na asubuhi tunachimba kwanza ndipo tunatoka.

Nimeolewa. Natazamia kati ya tarehe 5 na 12 Machi.

Sasa niandike lile nililotaka kukuambia Aprili. Anaitwa Hjalti, ni fundi wa mitambo hapo kiwandani. Nilipokupigia siku ile nilitaka kusema ameniposa na amesilimu. Nilifika kwenye neno "Mzungu", ukasema, "Usiniletee habari hizo," na simu ikakatika. Mwezi uliofuata tulifunga ndoa katika msikiti mdogo wa Reykjavík. Imamu aliuliza walii wangu wa kuniozesha yuko wapi, nikasema sina mtu hapa. Akasimama yeye, na mashahidi walikuwa wanafunzi wawili ambao sijawaona tena. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu. Sikumwonea Hjalti aibu. Niliona aibu ya lile jibu nililompa imamu.

Nikaandika "matembezi" kwenye mwaliko kwa sababu niliogopa. Nilifikiri ukija kama mgeni utanikuta na hali yangu, na mtu hawezi kugeuka akarudi Durban akiwa amesimama mlangoni.

Mama yake Hjalti ni mtu mwema. Amezaa wanne, na kila alipozaa, asema, baada ya wiki moja alikuwa nje anachimba theluji. Ameshaleta kigari. Ni kizuri, kina ngozi ya kondoo ndani. Anasema mtoto akifika wiki ya tatu ataanza kulala humo nje, apate mapafu yenye nguvu. Anasema kwa upendo kabisa. Mimi naitikia, halafu usiku silali. Nikiwa peke yangu nitashindwa kumkatalia. Ukiwepo wewe nitasema, mama yangu hataki.

Ndani ya bahasha nimeweka mwaliko mpya, wa kweli, wa miezi miwili, unaosema unakuja kumtunza mzazi. Ule wa kwanza uchane. Tafadhali usiende kwenye viza kabla ya kuupata huu; tangu jana nampigia Baba Mdogo akuzuie, simu yake haipatikani. Na kazini, je? Siku arobaini wamekubali?

Mwanao,
Mwantumu

*

Bluff, Durban
9 Februari 2024

Mwanangu Mwantumu,

Nakusalimu kwa salamu zote. Mvua imenyesha wiki nzima, ukuta wa nyuma ya nyumba ya Antoinette umelala chini, na watu wa Jacobs wanapita kwenye maji kufika kazini. Baba Mdogo mzima.

Barua yako imefika jana. Mimi kwenye viza nilikwenda tarehe 18, kama nilivyokuandikia. Barua zetu zimepishana njiani.

Nikueleze ilivyokuwa. Binti wa dirishani alikuwa na adabu. Akaniuliza, "Mama, unakwenda kufanya nini?"

"Kumtunza mzazi."

"Siku ngapi?"

"Arobaini, na za njiani."

Akageuza karatasi yako kuelekea kwangu. "Hapa pameandikwa matembezi, siku kumi."

Nikamwambia, "Hiyo imeandikwa na mtoto. Mimi ndiye mtu mzima, mimi ndiye ninayejua ninakwenda kufanya nini."

Alicheka kidogo, akaandika nilivyosema. Wiki iliyopita jibu limekuja: maelezo ya mwombaji na ya mwenyeji hayalingani, ombi limekataliwa. Siwalaumu. Karatasi ilisema lake na mdomo ukasema lake. Hata mimi kiwandani ningekuwa nakagua, ningelirudisha koti la namna hiyo. Baba Mdogo alitaka kukupigia usiku uleule, nikamzuia. Nilitaka uisome ukiwa umekaa.

Nilikaa na barua yako mapajani mpaka chakula kikaungua. Mwanangu umeolewa kama mtu asiye na kwao. Kwenu kupo. Baba Mdogo angepanda ndege, na kama si ndege, imamu wa hapa angempigia imamu wa kule, na jina la ukoo wako lingesomwa. Hilo limeniuma. Limeshapita, silirudii tena. Mkwe wangu nitamsalimia nikimwona.

Kesho nawasilisha ombi la pili na mwaliko wako mpya. Wanasema huchukua wiki kadhaa, na kwa sasa watu ni wengi. Hesabu unaijua kama mimi. Basi sikiliza, nikichelewa. Maji ya kukandia yawe ya moto unavyoweza kuvumilia. Hayo yanayonuka yai hayana ubaya, maji ni maji. Kanda kutoka juu ya kitovu kushuka. Tumbo lifungwe kila siku baada ya kukanda, na lisikazwe hata ukashindwa kupumua. Uji asubuhi na jioni, pilipili manga ya kusaga mwenyewe. Usishike maji baridi. Usiinue kitu kizito kuliko mtoto. Kama hakuna mtu mwingine, mfundishe mama yake Hjalti. Mwanamke aliyezaa wanne ana mikono, anachokosa ni maelezo.

Kuhusu kigari, sema mama yako hataki. Sihitaji kuwa chumbani ili nisitake.

Wako,
Mama Mdogo

*

Akureyri
24 Machi 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo, na Ramadhani iwe nyepesi kwenu. Mimi kama ujuavyo sifungi, na nikiona watu wanafuturu kwenye simu naona wivu.

Baba Mdogo amekwisha kukuambia: ni msichana, tarehe 9, salama. Asante kwa kumwachia yeye amwadhinie mtoto. Hjalti alishika simu sikioni mwa mtoto, naye Baba Mdogo alianza kwa sauti ya kuita malori. Mtoto akashtuka, ikabidi aanze upya polepole. Siku ya saba tumempa jina la marehemu mama, Mwanakheri. Mama yake Hjalti analitamka vizuri kuliko anavyotamka langu.

Barua yako ya Februari nilimfasiria yeye neno kwa neno, tukiwa mezani. Kesho yake alikuja amevua saa na pete, amekata kucha, akaniambia, "Nionyeshe ni wapi juu ya kitovu." Anakanda vizuri. Tumbo analifunga kwa shuka aliyoipasua mwenyewe, kwa sababu mkaja uko Durban na wewe. Uji anaupika mzito mno, lakini anakaa mpaka nimalize.

Kigari ndicho kilichotugombanisha. Juzi jua lilitoka, hakuna upepo hata kidogo, akanijia na ile ngozi ya kondoo mkononi. Nikasema, mama yangu hataki. Akasema kwa upole, "Mama yako hajaona siku kama hii." Nikasema tena, mama yangu hataki, mpaka arobaini, na siku hiyo ni yeye anayenitoa. Akauliza, "Na asipokuja?" Alisimama, halafu akakisukuma kigari mpaka chini ya dirisha, ndani ya nyumba, akafungua dirisha ufa mdogo kama wa kidole. Akasema, "Nusu yangu na nusu yake." Mwanakheri sasa hulala hapo. Nimekubali. Nisamehe kwa huo ufa.

Nimekuuliza habari ya kazi, ukanijibu habari ya mvua. Nimeona.

Mwanao,
Mwantumu

*

Bluff, Durban
14 Aprili 2024

Mwanangu Mwantumu,

Marahaba, na sikukuu njema iliyopita. Tulikula pilau na Antoinette na wanawe. Respicius naye alikuja na sanduku la machungwa, akauliza kama bado nahitaji chumba chake, nikamwambia nimehitimu. Picha ya mtoto iko juu ya cherehani. Ana paji la mama yako.

Viza imetoka. Nafika Keflavík tarehe 27 Aprili asubuhi, na kwenu alasiri, kwa ile ndege ndogo ya uwanja wa pili.

Kazi nimeiacha. Walinipa siku kumi kama nilivyoomba mwanzo, na nilipoomba arobaini msimamizi alisema hawezi kushika nafasi yangu muda wote huo na oda ile mezani. Ana haki. Sikukuandikia kwa sababu ungesema nisije. Cherehani ninayo nyumbani, na watu wa mtaa huu hawajaacha kuchana nguo zao. Usiniandikie lolote kuhusu hilo.

Sasa jambo gumu. Arobaini yako inatimia tarehe 18, siku tisa kabla sijafika. Nimehesabu kila namna na haigeuki. Nimemwomba Baba Mdogo akupigie leo akusomee sehemu hii kwa sauti, kwa kuwa karatasi haitawahi. Siku ikitimia, toka. Usinisubiri. Mtoto asifungwe ndani kwa sababu ya mihuri ya viza huko Pretoria. Mama yake Hjalti amekukanda, amekupikia, amekaa mpaka umalize uji. Mkono wake unatosha kukutoa. Mwambie akuvushe kizingiti kwa mguu wa kulia, mtoto awe amefunikwa uso, na asome anachokijua yeye. Mimi nitakuja kama mgeni, kwa zile siku za matembezi ulizoniandikia mwanzo.

Nimesema kwa moyo mweupe. Kanga sita, mkaja, na viungo vyote viko kwenye sanduku. Nyama sina.

Wako,
Mama Mdogo

*

Akureyri
26 Aprili 2024

Mama Mdogo,

Barua hii haipiti posta. Hjalti ndiye atakayekukabidhi kwenye uwanja wa ndege wa hapa. Utamjua: mrefu, ana wasiwasi, ameshika kikaratasi cha salamu alizojifunza. Mwache amalize zote ndipo umwitikie.

Shikamoo. Sisi wazima. Jana kwa kalenda ya watu wa hapa ilikuwa siku ya kwanza ya kiangazi, ni sikukuu, na theluji ilianguka toka asubuhi. Hakuna aliyeshangaa.

Baba Mdogo alinisomea maneno yako. Tarehe 18 mama yake Hjalti alikuja amevaa vizuri, na ua kifuani. Nilimwambia umemruhusu anitoe. Alifikiri, akaenda dirishani, akatazama nje, akarudi akavua koti lake. Akasema alizaa wanne na hakuna hata mmoja aliyesubiriwa na mtu kutoka mbali hivyo, na yeye hataki kuwa mtu wa kuchukua nafasi hiyo zikiwa zimebaki siku tisa tu. Halafu akapika uji. Safari hii haukuwa mzito.

Kwa hiyo sijatoka. Daktari na mkunga walikuja nyumbani, mtoto ana uzito mzuri. Dirisha bado lina ufa.

Kuhusu kazi umenikataza kuandika, siandiki.

Haya ndiyo maelekezo ya mwisho ya mgeni. Ukitoka uwanjani upepo utakuwa unatoka ghubani, upande wako wa kushoto. Funga koti mpaka kidevuni. Mlango wa gari, mikono miwili. Miiba ya viatu iko kwenye kiti, mwambie Hjalti akuvalishe, barafu imerudi kwenye ngazi zetu. Mtasimama kwenye robot moja tu kabla ya kupanda kilima, na itakuwa moyo mwekundu, kwa sababu huwa hivyo kila tunapokuwa na haraka.

Nilikuambia ukiingia nyumba ya mtu uvue viatu mlangoni. Kesho usivue. Koti pia usivue. Mkaja na viungo vitasubiri ndani ya sanduku. Toa kanga moja tu, iliyolainika kuliko zote, uishike mkononi. Simama hapohapo kwenye kizingiti, utupe mkono wa kututoa.

Sisi tutakuwa tumeshavaa.

Mwanao,
Mwantumu